Mwanafunzi wa Uhandisi Ughaibuni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Minyororo ya Ugavi na Mauzo ya Kimataifa

Majibu haya ni ya mwanafunzi wa uhandisi, awe wa mitambo, umeme, kemikali au viwanda, anayetaka kutumia muhula mmoja au miwili nje ya nchi akijifunza jinsi bidhaa inavyotoka kiwandani hadi kwa mnunuzi wa nchi nyingine. Mifano mingi inafuata bidhaa moja tu: pampu ya maji ndani ya katoni yenye urefu wa sm 60, upana wa sm 40, kimo cha sm 40 na uzito wa kilo 22. Tumefanya hivyo makusudi, ili uone namba ileile inavyosumbua watu tofauti katika kila kituo cha safari.

Haya si mambo ya wanafunzi wa biashara?

Ni yao pia, lakini kuna mahali ambapo bila mhandisi biashara haiendi. Chukua pampu yetu. Imebuniwa kwa umeme wa Hz 50, mnunuzi yuko nchi inayotumia Hz 60. Muuzaji asiyejua atauliza volti tu, apewe jibu, aandike oda. Mota ikiwashwa kwa Hz 60 itazunguka kwa kasi zaidi kwa asilimia 20 hivi. Kwa kanuni za pampu zinazosukuma maji kutoka katikati kwenda nje (centrifugal), kiasi cha maji kinapanda kwa asilimia 20, kimo cha kusukuma kinapanda kwa asilimia 44, na nguvu inayodaiwa kwenye shafti inapanda kwa takriban asilimia 73, kwa sababu nguvu hufuata mchemraba wa kasi. Mota ambayo haikupewa nafasi hiyo inaungua. Kisha madai yanarudi, mzigo unarudishwa kwa gharama kubwa, na mteja anapotea.

Swali moja lililokosekana kwenye fomu ya oda limefanya yote hayo. Mhandisi aliyefunzwa mauzo analiuliza siku ya kwanza.

Niende mwaka wa ngapi?

Mwaka wa tatu, au mwanzo wa wa nne. Kabla ya hapo hujamaliza takwimu na nadharia ya uwezekano, na bila hizo kozi za kupanga akiba ya bidhaa zitakuwa fomula za kukariri. Uwe pia umegusa upangaji wa mstari (linear programming), hata mifano ya vigeu viwili tu, na uweze kuandika programu fupi inayosoma jedwali la data. Ukienda mwaka wa mwisho kabisa, mradi wako wa kuhitimu utagongana na kalenda ya chuo kingine. Mihula haianzi mwezi mmoja duniani kote.

Nichague kozi zipi?

Chukua kozi moja nzito ya kupanga uzalishaji na akiba, moja ya usafirishaji, moja ya mauzo ya kiufundi au majadiliano ya biashara, na moja ya misingi ya sheria ya mauzo ya kimataifa. Hiyo ya sheria wahandisi wengi huiruka na baadaye hujuta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1980 kuhusu mauzo ya bidhaa kimataifa unatumika wenyewe pale muuzaji na mnunuzi wanapotoka nchi wanachama, isipokuwa wamekubaliana kuuondoa. Uingereza si mwanachama. Mkataba huo unamtaka mnunuzi atoe taarifa ya kasoro ndani ya muda unaofaa, na kikomo cha mwisho ni miaka miwili tangu akabidhiwe bidhaa. Anayepanga udhamini wa mashine anapaswa kujua hilo kabla hajachora ratiba ya matengenezo.

Usiihukumu kozi kwa jina lake. Fungua maelezo yake utazame inavyopimwa. Kama alama zote zinatokana na uwasilishaji wa kikundi na insha moja, utatoka na maneno mazuri na mikono mitupu. Tafuta yenye mazoezi ya hesabu ya kila wiki, data halisi, au igizo la majadiliano lenye mkataba unaoandikwa hadi mwisho. Kozi mbili zenye neno "mkakati" katika jina, mara nyingi nusu ya mada zao ni zilezile, moja inatosha.

Krediti zangu zitatambuliwa nikirudi?

Zitatambuliwa ukizifunga kwa maandishi kabla ya kuondoka. Vyuo vya Ulaya vinatumia mfumo wa ECTS: mwaka kamili ni krediti 60, muhula ni 30, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yako yote, yaani mihadhara, kusoma na mitihani. Kozi ya krediti 6 ni kama saa 150 hadi 180. Kwa hesabu hiyo unaweza kuilinganisha na kozi ya nyumbani hata kama chuo chako kinahesabu saa za darasani tu.

Utaratibu wake ni huu. Pakua maelezo kamili ya kila kozi, siyo jina na namba tu, na uyahifadhi kama faili, maana kurasa za vyuo hubadilishwa kila mwaka. Mpelekee mkuu wa idara yako ukiwa umeandika kando kila kozi inachukua nafasi ya ipi. Pata saini tatu kwenye makubaliano ya masomo: yako, ya chuo unachotoka na ya chuo unachokwenda. Andaa kozi mbili za akiba zilizokwisha kukubaliwa.

Tatizo kubwa hutokea wiki ya kwanza ukishafika. Kozi imefutwa, imejaa, au inagongana na nyingine kwenye ratiba. Mwanafunzi anabadili kwa mdomo, mhadhiri anamkaribisha, anafaulu vizuri, na akirudi nyumbani idara haina karatasi ya kozi hiyo. Badiliko lolote liandikwe na lisainiwe upya wiki hiyohiyo. Barua pepe yenye neno "nakubali" kutoka kwa mratibu ni bora kuliko ahadi ya ofisini, lakini haichukui nafasi ya fomu.

Hesabu gani ndiyo kiini cha somo lenyewe?

Ni ile ya kutokuwa na uhakika. Wanafunzi wengi wanafika wakidhani adui ni umbali, kwamba mzigo wa mbali unahitaji akiba kubwa kwa sababu unachukua siku nyingi. Fanya hesabu mwenyewe.

Ghala linauza pampu 40 kwa siku, na mauzo hayo yanapanda na kushuka kwa mkengeuko wastani (kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani wake) wa pampu 10. Mzigo unachukua siku 36 kufika. Akiba ya tahadhari hupatikana kwa z × √(L·σd² + d²·σL²), ambapo L ni siku za kusubiri mzigo, d ni mauzo ya siku, σd ni mkengeuko wa mauzo na σL ni mkengeuko wa siku za kusubiri. Namba z inategemea kiwango cha usalama unachotaka: ukitaka usiishiwe katika mizunguko 95 ya kuagiza kati ya 100, z ni 1.65.

Meli ingekuwa inafika siku ya 36 bila kukosea, ungehitaji akiba ya pampu 99. Lakini siku hizo zikiwa na mkengeuko wa siku 6, akiba inaruka hadi pampu 408. Sasa jaribu kutibu. Tafuta njia ya haraka zaidi, siku 25 badala ya 36, yenye mkengeuko uleule wa siku 6: akiba inashuka hadi 405 tu. Umelipia kasi ukapata pampu tatu. Badala yake baki na siku 36, ila punguza mkengeuko uwe siku 3: akiba inakuwa 221.

Rudia hesabu hiyo kwa mkono hadi ikukae. Ndiyo sababu meneja wa ugavi anaweza kuchagua meli ya polepole inayotunza ratiba na kuiacha ya haraka isiyotabirika. Ndiyo sababu pia meli ya Ever Given ilipoziba Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi 2021, madhara hayakuisha siku sita. Meli zilizokwama zilifika bandarini kwa makundi, zikakuta nafasi hazitoshi, na mkengeuko ukapanda kwa muda mrefu baada ya mfereji kufunguliwa. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Safari iliongezeka siku nyingi, lakini waliopanga upya ratiba zao mapema walijipatia tena siku zinazotabirika.

Fomula hii inachukulia kwamba mauzo na ucheleweshaji havitegemeani na vimetawanyika kwa umbo la kengele. Msimu wa mauzo makubwa huwa pia msimu wa msongamano bandarini, kwa hiyo mambo hayo mawili mara nyingi huja pamoja. Mtahini mzuri atakuuliza hilo.

Je, kupanga kontena kunahitaji kusomewa kweli?

Tazama mfano huu kisha uamue. Una pampu 300. Katoni moja ni mita za ujazo 0.096, jumla ni 28.8. Kontena la futi 20 lina takriban mita za ujazo 33 ndani. Aliyegawanya ujazo kwa ujazo ameshasaini kwamba mzigo unaingia.

Hauingii. Ndani ya kontena kuna urefu wa mita 5.90, upana wa 2.35 na kimo cha 2.39. Katoni ina mshale wa "upande huu juu", kwa hiyo kimo chake kinabaki sm 40. Matabaka sita ni mita 2.40, na umekosa sentimita moja. Unabaki na matabaka matano. Kwenye sakafu, safu tatu zenye katoni zilizogeuzwa ili upande wa sm 60 ukae kwenye upana wa kontena zinachukua katoni 14 kila moja, na safu moja ya upana wa sm 40 inachukua 9. Hizo ni 51 kwa tabaka. Mara tano ni 255. Pampu 45 zimebaki nje, na unalipia usafiri wa pili.

Sasa rudi kwa mbunifu wa kifungashio umwombe apunguze kimo cha katoni kwa sentimita moja tu, kiwe sm 39. Matabaka sita yanakuwa mita 2.34, yanaingia, na nafasi zinakuwa 306. Lakini mlango wa kontena una kimo cha takriban mita 2.28, chini ya paa la ndani, hivyo katoni nne za juu kabisa zilizo karibu na mlango hazitapandishwa mahali pake. Unabaki na 302. Mzigo wako ni 300. Umeingia.

Usisimame hapo. Katoni ya chini sasa inabeba tano juu yake, kilo 110. Kwenye meli inayoyumba na hewa yenye unyevu, karatasi ya maboksi hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, ndiyo maana wabunifu huzidisha uzito huo mara tatu hadi tano wanapochagua unene wa katoni. Na ukiamua kutumia paleti za mm 1200 kwa 800, kontena hilo linachukua paleti 11. Kila paleti ina katoni 4 kwa tabaka na matabaka matano, jumla 220, na ile sentimita moja haibadilishi kitu. Kwa paleti, foklifti inamaliza kazi haraka. Kwa mkono, wapakiaji wanashinda hapo siku nzima. Nafasi ya meli ni ghali au kibarua ni ghali? Jibu hubadilika kwa njia na kwa msimu, na ukiweza kulieleza kwa namba kwenye mahojiano ya kazi utasikilizwa.

Ukitumia paleti au masanduku ya mbao, kumbuka ISPM 15, kiwango cha kimataifa cha mbao za kufungashia mizigo: mbao zipashwe joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa angalau dakika 30, au zitibiwe kwa njia nyingine iliyoidhinishwa, na zipigwe muhuri. Mzigo mzuri kabisa hurudishwa kwa sababu ya paleti moja isiyo na muhuri.

Uzito wa kontena nani anauthibitisha?

Msafirishaji mwenye mzigo. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinakataza kontena kupakiwa melini bila uzito uliothibitishwa. Ama unapima kontena lililojaa, ama unapima kila kitu kilichoingia, pamoja na vifungashio na vizuizi vya kuzuia mzigo usisogee, kisha unajumlisha uzito wa kontena tupu ulioandikwa mlangoni. Kwa pampu zetu ni kilo 6,600, kuongeza vizuizi, kuongeza kontena lenyewe. Kosa la kawaida ni kutumia uzito wa pampu kutoka kwenye katalogi, ambao hauhesabu katoni, vijitabu wala boliti za akiba.

Na kwa ndege?

Mashirika mengi hulinganisha uzito halisi na uzito wa ujazo, yaani sentimita za ujazo kugawanya kwa 6,000, na kutoza ulio mkubwa. Katoni yetu ya sm 40 ina 96,000, sawa na kilo 16. Utatozwa kilo 22 halisi. Kampuni za vifurushi vya haraka mara nyingi hugawanya kwa 5,000. Kifungashio chenye hewa nyingi ndiyo gharama ya ndege.

Incoterms ni nini, na kwa nini kila mhadhiri anazirudia?

Ni kanuni 11 za Chemba ya Kimataifa ya Biashara (ICC), toleo linalotumika sasa ni la 2020. Zinasema nani anapanga usafiri, nani analipa nini, na ni wakati gani hatari ya mzigo inahama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Nne kati yake ni za baharini na maji ya ndani tu: FAS, FOB, CFR na CIF. Saba zinatumika kwa usafiri wowote: EXW, FCA, CPT, CIP, DAP, DPU na DDP.

Makosa yanayojirudia ni haya. La kwanza ni kuuza kontena kwa FOB. Chini ya FOB hatari inahama bidhaa zikiwa juu ya meli. Kontena, hata hivyo, hukabidhiwa kwenye yadi ya bandari siku kadhaa kabla. Likiangushwa na kreni katika siku hizo, hasara ni ya muuzaji, ambaye hana tena mkono juu yake. FCA inahamisha hatari pale mchukuzi anapopokea, ndiyo maana inafaa kontena.

La pili ni kuamini kwamba CIF inamlinda mnunuzi hadi bandari ya mwisho. Muuzaji analipa nauli na bima hadi huko, lakini hatari inahama kwenye bandari ya kupakia. Bima ya chini kabisa inayotakiwa na CIF ni ya masharti finyu; CIP, ambayo ni kama CIF lakini kwa usafiri wowote, katika toleo la 2020 inadai bima pana. Zote mbili ni kwa asilimia 110 ya thamani ya mkataba.

EXW, ambapo mnunuzi anauchukua mzigo kwa muuzaji mwenyewe, inampendeza muuzaji mvivu, lakini mnunuzi wa nje mara nyingi hawezi kukamilisha taratibu za forodha katika nchi ambako hakusajiliwa. DDP ni kinyume chake: muuzaji anajikuta anadaiwa ushuru na kodi ugenini.

Andika kanuni, mahali halisi na toleo: FCA, jina la yadi, Incoterms 2020. "FOB" peke yake kwenye barua pepe haitoshi. Na usitegemee Incoterms kwa umiliki wa bidhaa, malipo, au nani anashinda mkigombana. Hayo yanakaa kwenye mkataba.

Barua ya dhamana ya malipo, ile LC (letter of credit), inafanyaje kazi?

Benki ya mnunuzi inaahidi kumlipa muuzaji akileta hati zinazolingana na masharti. Benki inashughulika na hati, haishughuliki na bidhaa. Pampu zinaweza kuwa bora kupita zote na malipo yakakataliwa kwa sababu ya tarakimu mbili zilizopinduana.

Kanuni zinazofuatwa ni UCP 600, zilizoanza mwaka 2007. Benki ina siku tano za kazi za kuchunguza hati. Hati ziwasilishwe ndani ya siku 21 baada ya tarehe ya kupakia, na bado kabla LC haijaisha. Kama hati ya shehena ina tarehe 10 Mei, siku 21 zinaishia 31 Mei. Lakini LC ikiisha 25 Mei, hiyo ndiyo mwisho wako.

Sasa tazama kwa karibu. LC inasema "pampu 300, modeli P-45, kupakiwa kabla ya 10 Mei". Karani kiwandani anaandika P-54 kwenye ankara. Meli inaruka bandari kwa sababu ya msongamano, na mzigo unapanda meli ya tarehe 12. Hapo kuna tofauti mbili, na yoyote kati yake inaipa benki haki ya kukataa. Mnunuzi anaombwa kuziridhia, na kama bei ya soko imeshuka kati ya hapo, ataomba punguzo kwanza. Muuzaji mwenye busara anasoma rasimu ya LC siku anayoipokea na kuomba marekebisho ya tarehe kabla ya kupakia. Chuoni, omba zoezi la kukagua seti ya hati zenye makosa yaliyofichwa. Ni saa mbili zenye faida kuliko mihadhara mingi.

Namba za HS ni kazi ya forodha, sivyo?

Wakala wa forodha anazijaza, lakini anayejua kifaa ni wewe. Mfumo wa HS, wa kuainisha bidhaa kwa namba, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani na ulioanza kutumika mwaka 1988, una tarakimu sita zinazofanana katika nchi zinazoutumia. Kila nchi huongeza zake mwishoni. Pampu za vimiminika ziko 8413, mota za umeme 8501. Pampu iliyounganishwa na mota yake kwa kawaida ni pampu. Ukisafirisha mota za akiba katika katoni zao, ni mota. Wakala atauliza: inafanya kazi gani, imetengenezwa kwa nini, inaendeshwa na nini? Jibu la "vipuri vya mashine" linaleta ushuru usio sahihi, na ukaguzi.

Angalia pia kama kifaa kinahitaji kibali cha kusafirishwa. Baadhi ya pampu, vali na vifaa vya elektroniki vina matumizi ya kiraia na ya kijeshi, na vizingiti vyake huandikwa kwa lugha ya uhandisi: aina ya metali inayogusa kimiminika, kiwango cha mtiririko, usahihi. Hapo mwanasheria anamngoja mhandisi.

Nukuu nzuri ya bei ya kimataifa ina nini?

Modeli kamili pamoja na volti, fezi na Hz. Hali ya kazi ambayo bei inaihusu: kiasi cha maji, kimo, aina ya kimiminika, joto. Idadi, sarafu, muda wa uhalali wa bei. Incoterms pamoja na mahali. Siku za kutengeneza zikihesabiwa kuanzia tukio lililotajwa, kwa mfano kupokelewa kwa malipo ya awali, siyo "kuanzia oda". Masharti ya malipo. Vipimo na uzito wa vifungashio. Udhamini unaanza lini. Vipuri vinavyopendekezwa kwa miaka miwili. Kile ambacho hakimo kwenye bei kitajwe wazi, kwa sababu ugomvi mwingi wa mauzo ya mitambo huanzia kwenye vitu ambavyo kila upande ulidhani ni vya mwenzake: kufunga, kuwasha mara ya kwanza, mafunzo ya mafundi.

Nijifunze programu gani?

Excel kwa kina, SQL ya kutosha kuunganisha majedwali matatu, na Python. Mfumo wa kampuni wa kusimamia oda na ghala, ukiupata darasani, jifunze mtiririko wa hati zake kuliko vitufe, vitufe hubadilika.

Ziara ya bandarini, nitazame nini?

Acha kreni kwanza, soma milango ya makontena. Kila kontena lina herufi nne na tarakimu saba, na ya mwisho ni ya uhakiki kwa kiwango cha ISO 6346. Herufi hupewa thamani kuanzia 10, zikiruka 11, 22 na 33. Kila nafasi huzidishwa kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea. Jumla hugawanywa kwa 11 na baki ndiyo tarakimu hiyo (baki ya 10 huandikwa 0). Piga picha kama unaruhusiwa, kisha andika programu fupi ya kuhakiki. Angalia lakiri na namba yake.

Muulize mwenyeji maswali mawili. Kontena linakaa hapa siku ngapi kwa wastani, na kwa mbaya zaidi? Siku za bure zikiisha, tozo ya kukaa ndani ya bandari na tozo ya kuchelewa kurudisha kontena tupu zinahesabiwaje? Ni tozo mbili tofauti, na wageni huzichanganya hadi ankara inapofika.

Mradi wa kikundi na kampuni hukwama wapi?

Kwenye data. Kampuni inakubali mwezi wa kwanza, mwanasheria wake anasaini makubaliano ya siri mwezi wa tatu, na muhula unaisha wa nne. Ombeni wiki ya kwanza faili moja ndogo: oda za mwaka mmoja, bila majina ya wateja, zenye tarehe ya kuagiza, tarehe iliyoahidiwa na tarehe ya kupokea. Safu tatu hizo zinatosha kukokotoa σL. Tarehe mkizipokea, hakikisheni kwanza mpangilio wa siku na mwezi. 03/04 imeharibu uchambuzi mwingi katika vikundi vya mataifa mchanganyiko. Mgawane kazi kwa maandishi, mtu mmoja awe na jukumu la toleo la mwisho la faili.

Lugha?

Cheti cha mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, hudumu miaka miwili, kwa hiyo usikifanye mapema mno. Hata kozi zikiwa kwa Kiingereza, jifunze lugha ya pale kiasi cha kuelewana ghalani. Wasimamizi wa mapokezi ya mizigo ndio wanaojua kwa nini data haifanani na ukweli.

Viza na hati nianze lini?

Mara tu barua ya kukubaliwa inapofika, siku hiyohiyo. Kinachochelewesha zaidi ni uthibitisho wa vyeti. Kati ya nchi wanachama wa Mkataba wa The Hague wa 1961, cheti kinagongwa apostili, yaani muhuri mmoja wa uthibitisho. Nje ya hapo kinapita wizarani na ubalozini, hatua moja baada ya nyingine. Pasipoti iwe na muda unaozidi kukaa kwako. Soma masharti ya saa za kazi kwenye viza yako mwenyewe, usitegemee ya mwenzako wa uraia mwingine.

Naweza kufanya mafunzo kwa vitendo hukohuko?

Mara nyingi ndiyo, lakini uliza kama mafunzo hayo ni sehemu ya masomo au ni ya hiari, kwa sababu nchi nyingi huyahesabu tofauti. Nafasi zinazofundisha zaidi ni za uhandisi wa matumizi ya bidhaa kwa wateja (application engineering), mipango ya ununuzi na huduma baada ya mauzo. Hiyo ya mwisho haina mvuto kwenye tangazo, lakini ndipo madai yote yanapofikia: pampu iliyoungua kwa Hz 60, katoni iliyopondeka, vipuri vilivyokwama forodhani. Miezi mitatu pale, ukiandika chanzo cha kila dai, itakuonyesha kasoro za mnyororo mzima.

Nirudi na nini mkononi?

Hati rasmi ya matokeo iliyofungwa, maelezo ya kozi uliyoyahifadhi, makubaliano ya masomo yenye marekebisho yote, barua ya mafunzo inayotaja kazi ulizofanya na saa zake. Na faili zako: hesabu ya akiba yenye data ya kweli iliyoruhusiwa kutolewa, mpango wa kontena wenye vipimo, seti ya hati uliyoikagua. Kwenye mahojiano, fungua huo mpango wa kontena na uanze na ile sentimita moja.